Malkia Christina wa Uswidi: filamu ilimpa mwanaume, historia inampa kiinua mgongo

#1 (mleta uzi)

Wakuu, mtunzi akitaka kumwandika malkia anayeachia kiti kwa hiari yake, sababu anayoikimbilia ni moja tu: mapenzi. Malkia kampenda mtu, taji linamzuia, basi analivua. Filamu ya mwaka 1933 aliyocheza Greta Garbo, Queen Christina, ndivyo ilivyofanya. Malkia wa Uswidi anavaa kiume, anakutana na Antonio, mjumbe wa mfalme wa Hispania, kwenye nyumba ya wageni theluji ikiwa imefunga njia. Chumba ni kimoja, mengine malizieni wenyewe. Anaachia kiti amfuate. Antonio anauawa kwenye pambano la panga na malkia anasafiri na maiti.

Filamu nzuri, sina ugomvi nayo. Ila yule ni malkia wa kubuni aliyeazimwa jina la mtu wa kweli. Christina aliyeishi hakuacha kiti ili apate mwanaume. Moja ya sababu kubwa za kuondoka kwake ni kwamba kiti kilimtaka aolewe, naye hakutaka. Na alipoondoka, aliondoka na mafao ambayo mstaafu yeyote angeyaonea wivu. Uzi huu ni wa huyo wa pili. Ni mrefu, mwenye haraka apite kimyakimya.

Alizaliwa Stockholm Desemba 1626. Baba yake, Gustav II Adolf, alikuwa mfalme wa vita na hakuwa na mrithi. Mtoto alitoka na nywele mwilini na sauti nzito, wakunga wakatangaza mvulana. Ilipogundulika ni msichana, hakuna aliyethubutu kwenda kumwambia mfalme mpaka dada yake, Katarina, akambeba mtoto mwenyewe akampelekea. Inasimuliwa mfalme alicheka, akasema huyu atakuwa mjanja maana ameanza kwa kutudanganya sote. Akaagiza afunzwe kama mwana wa mfalme: farasi, silaha, lugha, vitabu.

Novemba 1632 mfalme akauawa vitani Lützen, Ujerumani. Christina hajafikisha miaka sita, na tayari ndiye mtawala wa nchi iliyo katikati ya Vita vya Miaka 30.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana watu wakisimulia habari zake wanaparuka. Mama yake, Maria Eleonora wa Brandenburg, alikataa mume wake azikwe. Mwili ulirudishwa Uswidi mwaka 1633 na haukuzikwa hadi Juni 1634. Moyo wa marehemu alikuwa nao kwenye kijaluba cha dhahabu, ukining'inia juu ya kitanda. Vyumba vikafunikwa vitambaa vyeusi, madirisha nayo yakazibwa, mchana na usiku ni mishumaa. Na mtoto, ambaye hapo kabla mama hakuwa na habari naye sana, sasa akawa analazimishwa kulala humo humo. Christina mwenyewe aliandika uzeeni jinsi alivyovichukia vyumba vile na jinsi alivyokimbilia masomo ili apate sababu ya kutoka. Mwaka 1636 baraza likamwondoa kwa mama, akaenda kulelewa na shangazi Katarina. Kwa maoni yangu, mtu aliyeona ndoa ya mama yake imeishia kwenye kijaluba kile hahitaji kuulizwa mara mbili kwa nini ndoa haikumvutia. Hayo ni maoni yangu, msije mkasema nimeyasoma mahali.

Nchi iliendeshwa na baraza la uangalizi chini ya Kansela Axel Oxenstierna, mmoja wa wanasiasa wakali wa Ulaya ya wakati ule. Alimfundisha binti siasa mwenyewe. Mwanafunzi alipofikisha miaka 18 mwaka 1644 akashika hatamu, na hakuchukua muda kuanza kumpinga mwalimu. Kansela alitaka vita vibane mpaka Uswidi ivune zaidi, malkia akataka vita viishe mapema. Amani ya Westphalia ya 1648, iliyomaliza vita hivyo, ikaipa Uswidi sehemu ya Pomerania, Wismar, Bremen na Verden.

Msimwone malaika, lakini. Mwaka huo huo jeshi lake lilikwapua hazina ya sanaa na vitabu ya Praga, na mzigo ukapelekwa Stockholm. Biblia ya Fedha na ile Codex Gigas kubwa kupita kiasi, vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, zilitoka huko. Zote mbili ziko Uswidi mpaka leo, ya kwanza Uppsala, ya pili Stockholm.

Habari za Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, mnazijua: Christina alimwita Stockholm, akampangia kipindi saa kumi na moja alfajiri katikati ya majira ya baridi, mzee akaugua mapafu akafa Februari 1650. Nalipita.

Sasa ndoa. Binamu yake Karl Gustav, mtoto wa shangazi Katarina, walikua pamoja na utotoni waliahidiana kwa siri. Baraza lilimtaka huyo huyo. Christina alipokuwa mtu mzima akageuka, na mwaka 1649 akawaambia wazi kwamba haolewi, wala msinibane. Badala yake akawataka wamkubali Karl Gustav kuwa mrithi wake. Wazee wakashtuka: mrithi wa malkia mwenye miaka 22 wa nini? Alibishana nao mpaka wakasalimu amri.

Tazameni mpangilio huo vizuri. Mrithi kwanza, 1649. Kuvikwa taji rasmi Oktoba 1650, sherehe ya fahari. Halafu 1651 anawaambia anataka kung'atuka. Wakamsihi, akakubali kubaki, kwa sharti kwamba neno ndoa lisitajwe tena mbele yake. Mtu aliyekurupuka kwa sababu ya mapenzi hapangi namna hiyo.

Naweka kituo hapa, nitarudi.

#2

Tupo mkuu. Ila hapo kwenye dini mbona umeruka? Mimi najua aliacha kiti ili awe Mkatoliki.

#3

Mimi nauliza hela. Nchi imetoka vitani miaka 30, mama anaandaa sherehe na kununua picha. Nani alikuwa analipa?

#4 (mleta uzi)

Nianze na wa hela, maana jibu lake linawauma wanaompenda Christina, mimi nikiwemo. Aliyelipa ni ardhi ya taji. Katika miaka yake kumi alitoa vyeo vipya vya ukabaila kama mtu anayegawa pipi: makaunti 17, mabaroni 46 na wakabaila wa ngazi ya chini 428. Kila mwenye cheo lazima apewe mashamba, na mashamba yalikuwa ya taji. Yakitoka kwa taji, kodi ya wakulima inaishia mfukoni kwa bwana mpya na hazina inabaki inasikilizia. Bunge la Uswidi lilikuwa na matabaka manne, wakabaila, makasisi, watu wa mijini na wakulima, na mwaka 1650 matatu ya chini yalikuja juu yakidai ardhi irudishwe. Malkia aliwatumia wakulima kuwatisha wakabaila mpaka wakamkubalia jambo la mrithi, alipopata alichotaka akawaacha wakulima na madai yao. Siasa za kitabuni kabisa. Waliokuja kuirudisha ardhi ni wafalme waliomfuata.

Kuhusu dini, mkuu wa #2 uko sahihi, na sababu hizi mbili haziachani. Uswidi ilikuwa ya Kilutheri kwa sheria, na baba yake alikuwa amefia vitani akihesabiwa mtetezi wa Waprotestanti. Mtawala Mkatoliki hawezekani. Mwaka 1651 alianza mazungumzo ya siri na Antonio Macedo, padri wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, aliyekuja na balozi wa Ureno. Akamtuma Roma kimyakimya. Mwaka uliofuata wakaja Wajesuiti wawili, Casati na Malines, wamevaa kama mabwana walio kwenye matembezi tu. Waliyajadili naye mambo ya imani na sayansi hadi wakachoka wao.

Kwa hiyo mlango ulikuwa na kufuli mbili, ndoa na imani. Na kile ambacho Ukatoliki uliweza kumpa na Ulutheri haukuweza ni hadhi: kwao mwanamke asiyeolewa si tatizo linalosubiri kutatuliwa. Yeye mwenyewe aligusia jambo hilo.

Hata Antonio wa filamu hakutoka hewani. Mjumbe wa Hispania alikuwepo, Antonio Pimentel, alifika 1652, akawa mtu wake wa karibu. Ila kazi yake ilikuwa kumwunganisha na mfalme wa Hispania ili apate mlinzi mkubwa atakapotoka. Watunzi wakachukua msiri wa mipango wakamfanya mpenzi.

Sasa twende kwenye siku zenyewe.

Februari 1654 akaliambia baraza kwamba safari hii habembelezwi. Mwezi Mei bunge likakutana Uppsala. Balozi wa Uingereza, Bulstrode Whitelocke, alikuwepo mjini na aliandika kila kitu. Kwa desturi Kansela ndiye angelitangazia bunge hoja ya malkia. Oxenstierna akagoma. Alisema alimwapia marehemu baba yake kulilinda taji juu ya kichwa cha binti huyu, hawezi kuwa yeye wa kutangaza kwamba linavuliwa. Malkia akasimama akatangaza mwenyewe.

Kisha kila tabaka likajibu kupitia msemaji wake. Makasisi, wakabaila na watu wa mijini walisema ya kusema. Wa mwisho alikuwa mkulima, viatu vyake vizito vya shamba, hana hotuba iliyoandikwa. Alimwambia, kwa mujibu wa Whitelocke, kwamba aendelee kuvuta kama farasi wa mbele, nao watamsaidia mzigo kwa kadiri wawezavyo. Kwamba kijana anayekuja ni mtu mwema lakini yeye wamemzoea. Halafu akamsogelea bila itifaki yoyote, akamshika mkono akautikisa, akaubusu mara kadhaa, akageuka, akatoa kitambaa kichafu mfukoni akafuta machozi. Katika maandishi yote niliyoyasoma juu ya mwanamke huyu hakuna sehemu ninayoirudia kama hiyo. Na kumbukeni, huyo anatoka kwenye tabaka lile lile aliloliacha solemba mwaka 1650!

Juni 6, 1654, ukumbi wa kasri la Uppsala. Vitu vya ufalme vikaondolewa kimoja kimoja: upanga, fimbo, tufe, ufunguo, joho. Likabaki taji. Aliyepangwa kulivua alikuwa Per Brahe, mkubwa wa wakabaila. Ikafika zamu yake, hakunyanyuka. Christina akasubiri, mwishowe akalivua mwenyewe. Akabaki na gauni jeupe la kawaida, akatoa hotuba sauti ikimkatikakatika, akamwelekeza Karl Gustav kwenye kiti. Siku hiyo hiyo binamu akavikwa taji. Christina alikuwa na miaka 27.

#5

Aisee huyo mkulima. Ila mleta uzi uliahidi kiinua mgongo. Alilipwa ngapi?

#6 (mleta uzi)

Alikatiwa mapato ya visiwa vya Gotland, Öland na Ösel, mji wa Norrköping, na mashamba ya Pomerania. Kwa hesabu ya wakati ule ilikuwa yapata riksdaler (pesa ya Uswidi) 200,000 kwa mwaka, maisha yake yote. Zaidi ya hapo alibaki na cheo cha malkia na haki ya kuwaamuru na kuwahukumu watu wa nyumba yake. Hicho kipengele cha mwisho kitarudi, kishikeni.

Kabla hata hajavua taji, vitabu, picha na mazulia ya ukutani vilikuwa vimeshasafirishwa. Karl Gustav aliachiwa kasri lenye kuta tupu na hazina iliyokauka.

Alitoka nchini amekata nywele, amevaa kiume, upanga ubavuni, anajiita Kaunti Dohna. Hamburg akafikia kwa mwenye benki Myahudi, Diego Teixeira, wachungaji wa mji wakapiga kelele kwenye mimbari. Yeye alikuwa anataka mtu wa kumshughulikia pesa, na alimpata. Mkesha wa Krismasi 1654, Brussels, akapokelewa Ukatoliki kwa siri. Novemba 1655, Innsbruck, ikatangazwa hadharani. Ulaya nzima ikatikisika: binti wa Gustav Adolf! Desemba akaingia Roma kwa shangwe, Papa Alexander VII akiwa amepamba lango la Porta del Popolo kwa ajili yake. Maandishi ya kumkaribisha yapo pale langoni hadi leo.

#7

Kwa hiyo hapo akatulia na rozari yake. Mwisho mwema.

#8 (mleta uzi)

Ungejua.

Hapa ndipo namwona wa kweli kuliko mahali pengine pote. Aliacha nchi, lakini umalkia hakuuacha hata siku moja. Kwa akili yake umalkia ulikuwa kwenye damu, nchi ilikuwa kazi tu. Hajamaliza mwaka Roma, 1656, yuko Ufaransa anapanga na Kardinali Mazarin, waziri mkuu wa Ufaransa, awe malkia wa Napoli, ambayo ilikuwa chini ya Wahispania wale wale waliomfadhili kutoka Uswidi. Shukrani haikuwa sifa yake.

Mpango ukavuja. Akamshuku msimamizi wa farasi wake, Markizi Gian Rinaldo Monaldeschi. Novemba 10, 1657, kwenye kasri la Fontainebleau, nyumba ya mfalme wa Ufaransa, yeye mgeni tu, akamwita ukumbini akamwonyesha barua zake. Alikuwa amemwita pia padri Le Bel, aliyekuwa amepewa nakala za barua hizo azitunze siku chache kabla. Monaldeschi akapiga magoti akaomba. Padri naye akapiga magoti, akamwombea. Malkia akasema kwa utulivu kwamba mtu huyu atubu, anakufa leo. Akatoka. Monaldeschi alikuwa amevaa fulana ya minyororo ya chuma ndani ya nguo, kwa hiyo panga za walinzi zilichukua muda mrefu kumwua. Christina akalipia misa za marehemu.

Wafaransa walitahayari. Mazarin akamshauri aseme ni ugomvi wa watumishi umetokea. Akakataa: niliamuru mimi, nilikuwa na haki. Na kwa maandishi aliyosainiwa Uppsala, haki hiyo alikuwa nayo! Kile kipengele. Wanasheria walibishana juu yake miaka mingi. Mimi sheria siijadili, ila mtu anayeamrisha kifo kwenye nyumba ya wenyewe na hatafuti kisingizio, huyo hajastaafu.

#9

Mleta uzi huyu mwanamke unamtetea sana. Kaua mtu, kafilisi nchi, kasaliti wafadhili. Angekuwa mfalme wa kiume tungemwita dikteta. Jibu hili: alijuta au hakujuta kuacha kiti?

#10 (mleta uzi)

Angekuwa wa kiume, mkuu, kwa karne ile tungemwita mfalme wa kawaida. Lakini swali lako la kujuta ni zuri.

Karl Gustav alikufa Februari 1660, mrithi akiwa mtoto wa miaka minne. Christina akafunga safari kurudi Uswidi. Alisema amefuata mafao yake, maana vita vilikuwa vimevuruga malipo na alikuwa anaweka vito rehani. Hilo kweli. Lakini pia akawadokeza kwamba mtoto akifariki, yeye yupo. Wakamfanya atie sahihi upya kwamba hana dai lolote, na misa yake ikapigwa marufuku. Akaja tena 1667, akaishia Norrköping: wakamzuia kuwa na padri wake, akageuza farasi akaondoka. Mwaka 1668 Jan Kazimierz wa Poland, ndugu wa ukoo wake wa Vasa, naye akang'atuka, na Christina akapeleka jina lake agombee kule. Hakupata.

Viti vitatu, basi, Napoli, Uswidi tena, na Poland. Ukitaka kuita majuto, ita. Mimi naona alijutia kukosa pesa na kukosa watu wa kuwaamuru. Sharti la ndoa sioni mahali alipolijutia, na hata wakati wa kuwania Poland hoja ya kuolewa haikumwingia. Kwenye habari za maisha yake alizoandika uzeeni anarudia kwamba chuki yake kwa ndoa haishindiki.

Miaka ya mwisho alikaa Roma, kwenye kasri la Riario, ambalo leo linaitwa Corsini. Alikuwa na Kardinali Decio Azzolino, rafiki wa maisha, waliandikiana barua kwa herufi za siri, na alimpenda. Yeye kardinali ndiye aliyeweka mipaka. Ukumbi wa maonyesho wa Tordinona ulifunguliwa 1671 kwa msukumo wake. Watunzi wa muziki Scarlatti na Corelli walifanya kazi chini ya mwavuli wake. Mfalme wa Ufaransa alipowatesa Waprotestanti mwaka 1685, Mkatoliki huyu mashuhuri alimlaumu waziwazi. Agosti 1686 akatoa tangazo kwamba Wayahudi wa Roma wako chini ya ulinzi wake. Amelisaini La Regina. Miaka 32 tangu avue taji, hana jeshi, hana kijiji, na anatoa ulinzi.

#11

Swali la mwisho kabla sijalala: mali zote hizo ziliishia wapi? Na huyo kardinali?

#12 (mleta uzi)

Alifariki Aprili 19, 1689, miaka 62. Alitaka mazishi ya kawaida tu. Papa akamzika kwa fahari ndani ya Mtakatifu Petro, Vatikani, ambako wanawake waliozikwa ni wa kuhesabu. Mrithi wa kila kitu alikuwa Azzolino, aliyekuwa anaugua, na Juni mwaka huo huo naye akafa. Mali ikaangukia kwa mpwa wake, pamoja na madeni, akaanza kuuza. Maandishi ya mkono yakanunuliwa na Papa Alexander VIII na yapo maktaba ya Vatikani yakiwa na jina la malkia. Picha zikaenda kwa familia ya Odescalchi, kisha 1721 kwa mtawala mshikilizi wa Ufaransa, Philippe wa Orléans, na baada ya hapo zikatawanyika Ulaya nzima. Nyingi ya hizo ndizo zile za Praga. Wacheki walipokonywa na Waswidi, Waswidi wakabebewa na malkia wao mwenyewe.